Bibi anakwenda ng'ambo: bima ipi akatiwe?

Uchagani safari kubwa ya mwaka ni ya Desemba, magari ya Dar es Salaam na Arusha yanapopandana kuelekea Marangu, Mwika, Mkuu na Tarakea, watoto wakirudi kwa wazazi. Lakini ipo na safari ya upande wa pili, ya wazazi kwenda kwa watoto, na hiyo haina msimu. Binti amejifungua Hamburg na hana wa kumpikia mtori. Kijana anahitimu Leeds. Mjukuu anapata komunio ya kwanza Toronto na baba yake amesema bila babu shughuli haijawa shughuli. Kikao kinakaa, nauli inachangwa, pasipoti inashughulikiwa, koti zito linatafutwa kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi.

Bima huachwa mwisho. Hukatwa usiku, kwa simu, siku mbili kabla ya miadi ya ubalozini, na anayeikata hutazama kitu kimoja tu: ipi ni ya bei nafuu.

Mimi nasema bei ndiyo iwe ya mwisho kutazamwa. Kabla ya kufungua tovuti ya kampuni yoyote, mtu afungue daftari la kliniki la bibi. Bima mbili zinaweza kutofautiana shilingi elfu ishirini kwenye ada, halafu moja ikamlipia mwenye presha na nyingine isimlipie kabisa. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye tangazo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kadi ya NHIF haivuki mpaka. Inatumika kwenye vituo vilivyosajiliwa hapa nchini: itamfaa bibi akiwa Hospitali ya Huruma pale Mkuu, itamfaa akipewa rufaa ya KCMC, lakini ndege ikishaondoka KIA inabaki kuwa kipande cha plastiki. Hali ni hiyo hiyo kwa CHF. Hata bima binafsi ya kazini, ile ambayo mtoto aliyeko Dar amewaandikisha wazazi wake, mara nyingi mipaka yake ni Tanzania au Afrika Mashariki. Iulizwe kwa maandishi kabla ya kuitegemea.

Baada ya hapo nchi anayokwenda bibi ndiyo inayoamua mambo, kwa kuwa kila moja ina kawaida yake.

Nchi za Schengen ndizo zenye sheria iliyonyooka. Kanuni ya viza ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji awe na bima ya matibabu ya safari yenye kikomo kisichopungua euro 30,000, inayokubalika katika nchi zote za Schengen kwa muda wote wa kukaa, na inayogharamia dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kiafya, na kifo. Bila karatasi hiyo viza haitoki. Ndiyo maana soko lake ni kubwa na ada zake ni ndogo: kijana anaweza kuipata kwa karibu euro moja kwa siku, na mzee hulipa mara kadhaa ya hapo kadiri umri unavyopanda. Kwa siku 90, ambazo ndizo nyingi anazoruhusiwa mgeni ndani ya kila siku 180, gharama hiyo bado ni ndogo ukiilinganisha na nauli.

Ila euro 30,000 ni kiwango cha chini cha kumridhisha ofisa wa ubalozi, haikuwekwa kwa kupima gharama za mgonjwa. Bibi akipata kiharusi, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kisha akahitaji kurudishwa Kilimanjaro amelala kwenye machela na muuguzi kando yake, fedha hizo zinaweza kuisha kabla hajaiona KIA. Kampuni nyingi zinauza kikomo kikubwa zaidi kwa nyongeza ndogo ya ada. Hiyo ndiyo nyongeza ninayoona ina thamani kuliko zote, hasa kwa aliyevuka miaka 65.

Ujerumani kuna jambo la ziada ambalo mwenyeji hulitia saini bila kulisoma. Mzazi asipokuwa na fedha za kuonyesha, mtoto aliyeko kule huenda ofisi ya uhamiaji ya mji wake na kusaini dhamana iitwayo Verpflichtungserklärung. Kwa dhamana hiyo anakubali kubeba gharama za mgeni wake, matibabu yakiwemo, na nguvu yake kisheria inafika miaka mitano. Kwa hiyo pale bima inapokataa kulipa, bili haimfuati bibi Mkuu. Inamfuata binti aliye na mtoto mchanga mkononi na mkopo wa nyumba kichwani. Aliyesaini karatasi hiyo ndiye anayepaswa kusoma mkataba wa bima neno kwa neno, maana kwa kweli anajikatia yeye.

Uingereza ni kinyume. Haidai bima kwa mgeni wa miezi sita, na wengi wetu tumekua tukisikia kwamba matibabu kule ni bure. Ni bure kwa sehemu. Nchini England mgeni akifika kitengo cha dharura hahudumiwi kwa malipo, na kumwona daktari wa kawaida wa mtaa hakutozwi. Magonjwa kadhaa ya kuambukiza nayo hutibiwa bure kwa kila mtu, yakiwemo kifua kikuu, malaria na VVU, kwa hiyo babu aliyeondoka Moshi na vijidudu vya malaria damuni asiogope kusema. Lakini akishapelekwa wodini, mita inaanza kusoma: mgeni asiyestahili hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, huduma ya afya ya umma ya kule. Huduma ya haraka hatanyimwa, bili atapewa. Na deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa wala makubaliano, taarifa huweza kupelekwa uhamiaji, na maombi ya viza ya baadaye yakakataliwa kwa sababu hiyo. Mzazi anayetaka kuwaona wajukuu mara ya pili ana sababu mbili za kukata bima ya Uingereza, japo hakuna anayemlazimisha.

Kanada ndiyo nchi inayowabana wazazi kuliko zote, na ndiyo inayowapa nafasi ndefu kuliko zote. Viza ya kawaida ya matembezi haina sharti la bima. Lakini ile ya wazazi na mababu, super visa, inayomruhusu mtu kukaa hadi miaka mitano kwa mkupuo mmoja, inataka bima ya mwaka mzima yenye kikomo kisichopungua dola za Kanada 100,000. Zamani ilikuwa lazima inunuliwe kwa kampuni ya Kanada. Tangu Januari 2025 kampuni za nje nazo zinakubaliwa, mradi ziwe zimeidhinishwa na msimamizi wa sekta hiyo kule. Ada ya mwaka mzima kwa mzee si mchezo. Inaruhusiwa kulipwa kwa awamu, na kampuni nyingi hurudisha fedha za miezi ambayo haikutumika bibi akirudi mapema, ilimradi hajadai chochote. Kama ziara ni ya miezi miwili ya kumhudumia binti aliyejifungua, sioni sababu ya kukimbilia super visa na bima yake ya mwaka. Wale wanaokusudia mama akae mpaka mtoto aanze shule ndio hesabu hiyo inawalipa.

Marekani nayo haidai bima, na ndiko inakohitajika kuliko kote. Masharti ya viza za Marekani kwa Watanzania yamekazwa tangu 2025, hivyo yaangaliwe upya kabla ya kutoa senti. Kwa mzazi mwenye viza tayari, kuna sheria ya mwaka 1986 inayozitaka hospitali zenye vitengo vya dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa yeyote bila kuuliza uwezo wake. Bili hufuata baadaye kwa posta, na huja vipande vipande: ya hospitali, ya daktari, ya maabara, ya gari la wagonjwa.

Bima za wageni kule ni za aina mbili, na zinauzwa kwenye kurasa zile zile kana kwamba ni ndugu. Aina ya kwanza hulipa kiasi kilichopangwa kwa kila huduma, hata kama hospitali imetoza mara kumi ya hapo. Aina ya pili inakutaka ulipe kiasi cha mwanzo mwenyewe, kisha ikulipie asilimia fulani ya dola 5,000 zinazofuata, mara nyingi asilimia 80, na baada ya hapo ilipe yote hadi kikomo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bibi amelazwa siku nne na bili zote pamoja ni dola 40,000. Bima ya aina ya kwanza imeandika dola 1,500 kwa siku ya kitanda, 100 kwa daktari anapopita mara moja kwa siku, na 600 kwa vipimo. Inalipa 6,000, na 400, na 600: jumla 7,000. Familia inabaki na 33,000. Bima ya aina ya pili ina kiasi cha mwanzo cha dola 500 na kikomo cha 100,000. Familia inalipa 500, halafu asilimia 20 ya 5,000 ambayo ni 1,000. Wamemaliza na 1,500, na kampuni imebeba 38,500. Ada ya aina ya pili mara nyingi ni mara mbili ya ile ya kwanza au zaidi, na kwa jicho la haraka ya kwanza ndiyo inaonekana nafuu.

Hesabu hiyo inageuka tena umri ukiingia. Ukisoma jedwali la baadhi ya mipango ya Marekani utaona kikomo kinashuka mtu akifika 70, na aliyetimiza 80 anabakiwa na dola 10,000 tu kwa mpango ule ule. Kwa bili yetu ya 40,000, familia ya babu wa miaka 81 ingelipa 30,000 hata akiwa na bima nzuri ya aina ya pili. Kwa umri huo swali linabadilika: je, si bora mjukuu aletwe Mkuu?

Sasa turudi kwenye daftari la kliniki, maana hapo ndipo madai mengi hukwama.

Wazee wetu hawaihesabu presha kuwa ugonjwa. Ugonjwa ni kile kinachokulaza. Mama anayemeza kidonge kila asubuhi kwa miaka minane, akiulizwa na mwanawe kwa simu kama ana tatizo lolote, atajibu, "Mimi ni mzima mwanangu, Mungu ni mwema." Mtoto anaweka alama ya "hapana" kwenye fomu. Siku ya dai, kampuni inaomba kumbukumbu za hospitali, na daftari linaonyesha miaka minane ya vidonge. Katika mikataba mingi ya Kanada jibu moja lisilo kweli linaweza kuubatilisha mkataba mzima, hata kama kilichomlaza bibi ni kuvunjika nyonga kwenye barafu na hakihusiani na presha hata kidogo. Fomu ijazwe na mtu aliyekaa na mama ana kwa ana, daftari likiwa mezani na pakiti za dawa zikiwa pembeni.

Kuhusu maradhi ya awali, mikataba husema moja kati ya mambo matatu. Ipo inayoyatoa kabisa: chochote kinachotokana na presha au sukari aliyokuwa nayo, hailipi. Ipo, hasa ya Marekani, inayolipa pale tu ugonjwa wa awali unapolipuka ghafla bila dalili, na mgonjwa akatafuta tiba ndani ya saa 24. Na faida hiyo mara nyingi hukoma kwa umri fulani. Bibi aliyejisikia kizunguzungu Jumatatu akanyamaza ili asisumbue, akaanguka Alhamisi, ameshajipunguzia haki yake. Aambiwe hilo kabla hajapanda ndege, tena na mtu anayemwogopa kidogo. Mkwe wa kiume anafaa.

Ya tatu ni ya Kikanada, na ndiyo yenye mtego usioonekana. Inalipia maradhi ya awali kama yamekuwa "tulivu" kwa muda fulani kabla ya safari, labda siku 90, labda 180. Utulivu maana yake hakuna dalili mpya, hakuna kipimo kinachosubiri majibu, hakuna kulazwa, na hakuna mabadiliko ya dawa. Tuseme mama anatumia amlodipine ya miligramu 5. Wiki tatu kabla ya safari familia inampeleka kliniki, kwa nia njema kabisa, "akaangaliwe kabla hajaenda." Daktari anaona presha imepanda kidogo, anaongeza dozi iwe miligramu 10. Kitabibu amefanya vyema. Kwenye karatasi ya bima mama si tulivu tena, na kiharusi kikimpata Edmonton kampuni ina mlango wa kutokea.

Dawa haifai kuachwa kwa ajili ya bima, hilo lisieleweke vibaya. Kliniki ndiyo isogezwe mbele. Mzee anayetarajiwa kusafiri Julai apimwe Januari, dozi irekebishwe wakati huo, na miezi inayobaki iwe ya kumeza kile kile. Daktari akilazimika kubadilisha karibu na safari, bima itafutwe yenye kipindi kifupi zaidi, au tarehe isogezwe. Na dawa zibebwe za muda wote wa ziara pamoja na akiba, na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa hizo, kwa sababu karibu hakuna bima ya mgeni inayolipia kuongezewa vidonge vya kila siku. Wala meno, isipokuwa maumivu ya ghafla. Wala miwani.

Kuna kipengele kingine ambacho kwa Mchaga kina uzito wake, na wengi huona aibu kukiuliza dukani: kurudisha mwili. Mzee wa Rombo hazikwi ugenini. Anazikwa kihambani, kati ya migomba, penye makaburi ya waliomtangulia, na familia itauza chochote ili iwe hivyo. Kila Mtanzania aliyeko nje anazijua zile jumbe za WhatsApp za kuchangishana kusafirisha mwili, na wiki zinavyopita kabla fedha hazijatimia. Bima ya Schengen inalazimika kugusa jambo hili. NHS haihusiki nalo kabisa. Bima za Marekani huwa nalo, ila kwa kikomo chake cha pembeni, tofauti na kile cha matibabu, na ndicho cha kutafuta kwenye jedwali. Tazama pia kama kinachoahidiwa ni kusafirisha mwili hadi nyumbani au kuzika kule kule kwa kiasi fulani. Mikataba mingine inaweka vyote viwili na familia ichague. Tena, kama kifo kimetokana na maradhi ya awali yaliyoondolewa, je, mwili bado unarudishwa? Jibu linatofautiana kati ya mkataba na mkataba. Mtoto amwulize wakala swali hilo kwa barua pepe na jibu alihifadhi.

Je, ikatwe hapa au kule? Kampuni za Tanzania zinauza bima za safari kupitia mawakala wa Moshi na Arusha, na kwa Schengen hutosheleza ubalozi ikiwa vipengele vyote vimeandikwa. Faida yake ni kwamba unalipa hapa, unauliza kwa Kiswahili, na viza ikikataliwa unajua mlango wa kugonga kudai fedha zako. Hakikisha tu kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na usome safu ya umri, maana ada hupanda kwa wazee na kuna umri ambao kampuni haziwapokei kabisa. Bima ya kule anakoenda, anayoikata mtoto, kwa kawaida ina uhusiano wa karibu zaidi na hospitali za nchi hiyo, na hospitali inaweza kuidai kampuni moja kwa moja badala ya familia kulipa kwanza na kusubiri kurudishiwa. Kwa Marekani na Kanada ningechagua ya kule bila kusita. Kwa Ulaya, ziara fupi ya mama wa miaka 55 asiye na maradhi, ya hapa inatosha.

Vyovyote iwavyo ianze kufanya kazi siku ya kuondoka. Bima iliyokatwa bibi akiwa ameshafika huweza kuwa na siku kadhaa za kusubiri ambazo ugonjwa haulipiwi.

Wapo pia wakwe wanaokuja huku, wazazi wa mkwe wa Kijerumani au wa Kikanada wanaotaka kuona alikozaliwa baba wa wajukuu wao. Wakishuka Unguja baada ya Mkuu, wajue kwamba tangu Oktoba 1, 2024 mgeni wa kigeni anatakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar ya dola 44, hata kama ana nyingine kutoka kwao. Na kama baba mkwe, akiwa Tarakea, ataona njia ya Rongai iko pale pale na kuamua kuupanda mlima, bima yake ya kawaida ya likizo isomwe upya. Nyingi zina kikomo cha mwinuko kwa wapanda milima, na Uhuru ni mita 5,895.

Kwenye mkoba wa bibi kiwekwe kikaratasi kigumu chenye namba ya bima, simu ya dharura ya kampuni, simu ya mwanawe, na orodha ya dawa zake. Mwenyeji wake naye awe na nakala. Mikataba mingi inataka kampuni ipigiwe kabla ya kulazwa au mara baada ya hapo, na bibi anayezungumza Kirombo na Kiswahili hawezi kuachiwa kazi ya kueleza maumivu ya kifua kwa mtu wa kituo cha simu saa nane za usiku.

Mwisho ni suala la kuongeza muda, kwa kuwa huongezwa karibu kila mara: mtoto bado mchanga, mama yake anarudi kazini, bibi akae kidogo. Bima iongezwe kabla ile ya kwanza haijaisha, tena iwe ni kuendeleza mkataba ule ule. Ukiiacha ikaisha ukanunua mpya, nimonia aliyoipata bibi mwezi wa pili inahesabiwa kwenye mkataba mpya kuwa ni maradhi aliyokuja nayo. Kwa hiyo unapolinganisha bei leo, uliza ipi inakubali kuendelezwa, hadi siku ngapi, na kwa ada ipi.